Chumba Kipo, Nani Apewe?

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi, hapa Kampala, mbele ya wapokezi wa hoteli, wenye gesti, wauguzi na wanafunzi wa utalii tunaokutana kusoma na kuzungumza kwa Kiswahili. Waliokosa wameomba maneno yote, nami nimeyaandika kama yalivyosemwa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, nanyi vijana mliobanana huko nyuma karibu na mlango, hamjambo? Asanteni kwa kuja na mvua hii.

Niliombwa nizungumzie historia ya nyumba za wageni. Historia hiyo ni ndefu mno, kwa hiyo nimechagua mji mmoja tu, mji mdogo wa pwani ulio mbali sana na hapa. Unaitwa Provincetown, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Wakazi wake wa kudumu hawafiki elfu tano, lakini kiangazi kikija wanamiminika makumi ya maelfu. Na kwa zaidi ya nusu karne mji huu umejulikana duniani kwa nyumba za wageni zinazowapokea mashoga na wasagaji, watu wanaopenda watu wa jinsia yao, wale ambao hapa kwetu wenyewe hujiita makuchu.

Naona wengine wamekaa sawasawa vitini. Kaeni tu, tuko pamoja. Nimeuchagua mji huu kwa sababu historia yake imejengwa juu ya swali moja ambalo kila mtu aliyewahi kukaa mapokezi analijua, hata kama hajawahi kulitamka. Chumba kipo. Nani apewe?

Mnaijua saa ile. Saa nne usiku, basi la mwisho limeingia, funguo zinaning'inia ukutani nyuma yako, na mbele yako amesimama mtu usiyemjua. Unamtazama viatu. Unamtazama mkoba. Unamtazama aliyefuatana naye. Kwa muda ule mfupi wewe ndiye hakimu wake. Kuna mtu humu ndani aliyeifanya kazi hii ambaye hajawahi kuhukumu? Inueni mikono. Hakuna. Basi tuanze.

Kunja mkono wako wa kushoto hivi, kiwiko nje, ngumi ikielekea usoni. Hiyo ndiyo ramani ya rasi ya Cape Cod inavyochomoza baharini, na Provincetown uko pale kwenye ngumi, mwisho wa barabara. Ukipita hapo ni Bahari ya Atlantiki. Ardhi ile ilikuwa ya Wawampanoag, wenyeji wake wa asili. Novemba 1620 Waingereza waliokimbia kubanwa katika dini yao walitia nanga hapo na meli yao ya Mayflower, kabla hawajaenda kukaa Plymouth. Mji umewajengea mnara wa mawe wenye urefu wa mita 77, ulikamilika mwaka 1910, na hadi leo ndio kitu cha kwanza unachokiona ukiwa baharini. Lishikeni jambo hilo. Mnara mkubwa kuliko yote katika mji ule umejengwa kwa heshima ya wageni waliofukuzwa kwao kwa sababu ya namna walivyotaka kuishi.

Baada yao ukaja uvuvi. Nyangumi, chewa, makreli. Karne ya 19 meli za nyangumi zilileta mabaharia Wareno, wengi wao kutoka visiwa vya Azores, wakaoa, wakaita ndugu zao, na Provincetown ukawa mji wa Wakatoliki wavuvi. Novemba 1898 dhoruba kubwa ikapiga pwani ile yote, ikavunja gati na mashua. Uvuvi haukufa siku hiyo, lakini utajiri wa zamani haukurudi tena.

Sasa niambieni, nyinyi mnaotoka kwa wavuvi wa Ziwa Victoria, Ggaba, Kasensero, visiwa vya Ssese. Samaki wakipungua, mwanamke wa mvuvi anafanya nini? Mume yuko majini wiki nzima, au maji yameshamchukua. Nyumba anayo. Chumba cha juu kiko wazi. Anafanya nini?

Anapangisha chumba.

Hapo ndipo historia yetu inapoanza. Haianzi na mwanaharakati wala bendera. Inaanza na mama wa Kireno anayefua mashuka. Reli ilikuwa imefika mji ule tangu 1873, na mwaka 1899 mchoraji Charles Hawthorne alifungua shule ya uchoraji, akiwafundisha wanafunzi wake nje, kwenye mwanga wa jua la pwani. Wachoraji wakaja, wakawaita waandishi, waandishi wakawaita watu wa maigizo. Mwaka 1916, katika banda kuukuu la samaki lililosimama juu ya gati, ulionyeshwa mchezo wa kijana mmoja aliyeitwa Eugene O'Neill. Mwaka 1936 huyo huyo alipewa Tuzo ya Nobel. Wote hao walilala wapi? Walilala kwa mama wavuvi. Walilipa kwa wiki, walikula samaki na mkate wa Kireno, na mama hakuwa na haja ya kuuliza mengi kwa sababu wasanii walikuwa watu wa ajabu tangu siku ya kwanza. Wanalala mchana, wanaimba usiku, wanachora watu uchi. Katikati yao walikuwemo wanaume wawili waliokuja pamoja kila mwaka, na wanawake wawili walioomba chumba kile kile cha mwaka jana. Chumba kilikuwepo. Wakapewa.

Kwa miaka mingi, ukishuka pale bandarini uliona picha kubwa tano za wanawake zimetundikwa kwenye jengo mwisho wa gati. Ni wanawake wa Kireno wa mji ule, wazee, nyuso zimepigwa na upepo. Mimi naona ilikuwa haki waangalie bahari kutoka pale, kwa sababu mji ule ulisimama juu ya kazi yao.

Sitawadanganya kwamba yote yalikuwa upendo. Ilikuwa kodi. Mama alihitaji hela ya makaa ya majira ya baridi. Lakini ndugu zangu, kuna kitu kinachotokea mtu akilala kwako mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Unajua anakunywa chai ya namna gani. Unajua mama yake amefariki. Alipokuja na homa ulimpikia supu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nani humu hajui kwamba mgeni uliyekwisha kumpa jembe ni vigumu kumfukuza? Ameshakuwa mtu wa shamba lako.

Na siku ya kufukuza ilikuja. Mwaka 1952 halmashauri ya mji iliwatangazia wananchi kwamba mji unaharibiwa na mashoga, ikaweka masharti mapya kwa mabaa na wenye nyumba, ikawaomba raia wema wasaidie kusafisha mji. Huo ulikuwa wakati ambapo Marekani yote ilikuwa inawawinda watu hao, inawafukuza kazi serikalini, na polisi walivamia mabaa kila mahali. Kwa hiyo wazee wa halmashauri hawakubuni chuki mpya. Walitumia ile iliyokuwepo nchi nzima.

Je, mji ulisafishwa? Haukusafishwa. Mabaa yalisumbuliwa, watu walikamatwa, wengine waliogopa wasirudi. Lakini nyumba za wageni hazikufungwa milango, kwa sababu halmashauri inaweza kuamuru baa ifungwe saa ngapi, lakini haiwezi kukaa jikoni kwa kila mama na kumwambia amnyime nani kitanda. Uamuzi ule unafanyika mlangoni, kati ya watu wawili, na watu hawa wawili walikuwa wamefahamiana miaka ishirini.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea wanapoisimulia historia ya mji huu. Husema Provincetown ni mji wa watu huru, wazungu wa kisasa, wasio na dini. Hapana. Ni mji wa Wakatoliki. Kila mwaka tangu 1948 padri hushuka bandarini na mashua hupita mbele yake moja moja kubarikiwa. Mama aliyewapa chumba wanaume wale wawili alitoka misa ya asubuhi. Hakuacha imani yake mlangoni. Alimpokea mgeni akiwa nayo.

Baada ya 1969, watu walipopambana na polisi kwenye baa ya Stonewall kule New York, mambo yalibadilika haraka. Wale waliokuwa wageni wakaanza kununua nyumba. Mama Mreno amezeeka, watoto wake wameenda Boston, na mteja wake wa miaka mingi anamwambia, mama, niuzie mimi. Mwaka 1978 wenye biashara wakaunda umoja wa kuutangaza mji wao kwa wageni mashoga na wasagaji, waziwazi, kwa majina yao. Mwaka 1984 wanawake wenye nyumba za wageni nao wakaunda umoja wao, wakaanzisha wiki ya wanawake mwezi Oktoba. Kwa nini Oktoba? Wenye gesti mnacheka, mmeshaelewa. Kwa sababu kiangazi kimekwisha, vyumba ni vitupu, na bili ya umeme haijui msimu. Walikuwa wanawake wa kazi.

Lakini mgeni alinunua nini pale? Kitanda kipo popote. Dada mmoja alipoingia nyumba ile na mwenzake, akaandika majina mawili kwenye daftari bila kumwita mwenzake binamu, akashuka asubuhi kunywa chai akiwa ameshikwa mkono na hakuna kikombe kilichotua mezani kwa kishindo, alikuwa anapata kitu ambacho mwaka mzima hakukipata ofisini, kanisani, wala nyumbani kwa wazazi wake. Siku saba. Halafu anarudi kwao kujificha tena.

Ninyi mliooana mkaandikisha majina yenu hotelini Jinja au Entebbe, mliwahi kuogopa kalamu?

Nitawapa mfano wa upande wa pili, ili tusione kwamba mambo yalikuwa mepesi huko ng'ambo. Kuna mji mwingine mdogo wa pwani, Marazion, kusini magharibi mwa Uingereza. Septemba 2008 wanaume wawili ambao uhusiano wao ulikuwa umesajiliwa kisheria walikata chumba cha kitanda kikubwa kwa simu. Walipofika jioni waliambiwa hapa vitanda vikubwa ni vya mume na mke tu. Wakaondoka na mizigo yao kutafuta pengine. Wenye nyumba walikuwa Wakristo wenye msimamo, waliishi ndani ya nyumba ile ile, na kanuni yao waliiweka hata kwa mwanamume na mwanamke ambao hawajaoana. Kesi ilipanda ngazi kwa ngazi. Novemba 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba ukishafungua nyumba kuwa biashara kwa umma, imani yako inabaki yako, lakini huwezi kuitumia kumnyima mteja huduma kwa sababu ya alivyo. Nawaheshimu wale wazee kwa kushika imani yao. Na bado naona mahakama ilisema kweli. Nawafikiria wale wawili barabarani na mizigo, jioni, katika mji wasioujua. Kila mmoja wenu anayeuza chumba anaijua ile barabara.

Sasa nakuja kwenye sehemu iliyonifanya nikubali kusimama hapa leo.

Mwaka 1981 madaktari wa Marekani walianza kuandika habari za vijana wa kiume waliokufa kwa magonjwa ambayo vijana hawafi nayo. Miaka miwili baadaye, 1983, kabla nchi nyingi hazijakubali hata kuutaja ugonjwa ule, watu wawili wa Provincetown waliunda kikundi cha kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI. Mmoja alikuwa Alice Foley, muuguzi wa mji. Mwingine alikuwa Preston Babbitt, mwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Rose and Crown.

Muuguzi na mwenye gesti. Wauguzi mlioko hapa, mwenye gesti aliye karibu nawe mwangalie. Mwangalie vizuri.

Kwa nini mwenye gesti? Fikirini. Nani aliyeona kwanza? Aliyetandika kitanda ndiye aliyeona jasho la usiku kwenye mashuka. Aliyepanga meza ndiye aliyeona mteja wa kila mwaka amepungua kilo, halafu mwaka uliofuata amekuja na fimbo, halafu hakuja. Hospitali kubwa zilikuwa Boston, karibu kilomita 190 kwa barabara. Mgonjwa anayetapika atafikaje kwa basi? Basi wakapanga madereva wa kujitolea. Wakapanga wapishi. Wakapanga watu wa kukaa na mgonjwa usiku. Mji wa wavuvi, wenye nyumba za wageni na wenye maduka, bila hospitali yoyote, ukajifanya wodi.

Na watu wakaanza kuhamia kule kufa. Nasema hivyo bila kupaka sukari. Vijana waliofukuzwa na familia zao, waliofukuzwa kazi New York na Boston, walikumbuka mahali pekee walipowahi kushikana mikono mezani, wakaenda huko na sanduku moja. Walikuta chumba. Chumba kile kile cha likizo, chenye dirisha la kuangalia bahari, sasa kina beseni chini ya kitanda. Preston Babbitt mwenyewe naye alichukuliwa na ugonjwa ule ule. Mwaka 2018 mji uliwawekea waliokufa kwa UKIMWI ukumbusho karibu na ofisi ya mji, jiwe kubwa ambalo uso wake umechongwa kama bahari yenye mawimbi.

Mnaona sasa kwa nini nimewaletea mji huu? Nchi gani nyingine inayoijua hadithi hii kwa moyo? Nani kati yetu mwenye umri wangu hajazika?

Ugonjwa huu kwetu ulionekana ziwani kwanza. Kasensero, kijiji cha wavuvi mpakani na Tanzania, mwaka 1982. Tuliuita silimu, kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Watu walisema ni uchawi wa wafanyabiashara wa magendo, walisema ni adhabu. Kutoka ziwani ukapanda barabara kuu, ukafika Lyantonde, mahali malori ya kutoka Mombasa yanapolala kabla ya kuendelea Mbarara na Rwanda.

Mama yangu mkubwa alikuwa na gesti Lyantonde. Vyumba vya mabati nyuma ya duka, taa za chemli, maji ya pipa. Kiswahili chake alikijifunza kwa madereva, na ndicho alichotufundisha sisi watoto, ndiyo maana leo nasimama mbele yenu. Usiku mmoja lori liliondoka likamwacha taniboi wake chumbani. Kijana wa pwani ya Kenya, hata miaka 25 hakuwa nayo. Dereva alilipa usiku mmoja akasema atampitia akirudi. Hakupita.

Majirani walimwambia mama mkubwa amtoe. Wateja wakaanza kuhamia gesti ya ng'ambo ya barabara, wakisema vyombo vyake vina ugonjwa. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa maji, na nakumbuka mwenye duka la jirani alivyosimama uani kwa sauti kubwa, eti nyumba yako inaharibu biashara za watu. Mama mkubwa alikuwa anakoroga uji. Alimjibu, "Huyu ni mgeni wangu. Amelala kwangu. Atatoka siku atakayotoka." Alifua mashuka yale mwenyewe. Alimwandikia barua kaka yake kijana, kwa anwani ya sanduku la posta aliyoambiwa na mgonjwa. Barua ilifika. Kaka akaja kwa basi siku mbili njiani, akamkuta ndugu yake hai bado, akamchukua.

Hakuna aliyejua kijana yule alipataje ugonjwa. Mama mkubwa hakuuliza. Ningependa mlisikie hilo vizuri. Hakuuliza, kwa sababu jibu lisingebadilisha uji.

Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyempoteza mumewe kwa ugonjwa huu, alikusanya wenzake wachache wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI. Mwaka 1989 mwanamuziki wetu Philly Lutaaya akarudi kutoka Sweden, akasimama mbele ya taifa akasema, ugonjwa huu ninao. Nchi iliyokuwa inanong'ona ikaanza kusema kwa sauti. Tulisifiwa dunia nzima, tukaitwa mfano. Na kilichotufikisha pale kilikuwa nini? Ni watu kukubali kumpokea mgonjwa kwanza. Muuguzi wa Provincetown na Noerine Kaleeba wa Kampala, sijui kama waliwahi kusikia habari za mwenzake. Walifanya kazi moja.

Naomba niwape jambo la juzi tu, halafu nisogee. Julai 2021 corona ililipuka Provincetown baada ya sikukuu yao ya taifa. Mji umejaa, vyumba vyote vimechukuliwa, na wengi wamechanjwa. Wageni wenyewe wakaanza kuandikiana, nani ameugua, alilala wapi, alichanjwa lini, wakawapelekea wataalamu wa afya orodha. Ripoti iliyotoka mwisho wa mwezi ule ilihesabu wagonjwa 469 wakazi wa Massachusetts, asilimia 74 kati yao wamekwisha chanjwa kikamilifu, na hakuna aliyekufa. Kwa takwimu zile serikali ya Marekani ilibadilisha ushauri wake juu ya barakoa. Dunia ilijifunza kuhusu kirusi cha Delta kwa sababu watu wa mji ule hawakuona haya kusema, mimi ninaumwa, nililala na fulani, nilikuwa mahali fulani. Mtu anasema hivyo pale tu anapojua kwamba akisema hatafukuzwa chumbani.

Kule kwenyewe leo nyumba nyingi za wageni zimekwisha. Zimegawanywa, zimeuzwa chumba chumba kwa matajiri, bei imepanda hata wajukuu wa wavuvi na wafanyakazi wa hoteli wanakosa pa kulala kiangazi. Linanisikitisha sana hilo. Mji uliojengwa kwa chumba cha bei nafuu unawashinda maskini wake. Mwenye utafiti wa utalii hapa, hilo ni somo la kuandikia tasnifu nzima.

Sasa turudi nyumbani, maana najua mnangoja niseme.

Sheria yetu ya kwanza juu ya jambo hili tuliipata kwa Waingereza, imo kwenye Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1950, nayo adhabu yake ni kifungo cha maisha. Mei 2023 ikaja sheria mpya, kali kuliko ile, yenye adhabu ya kifo kwa makosa inayoyaita ya kukithiri. Sheria ile iliingia hadi kwenye biashara yetu. Ilisema mwenye nyumba anayejua na akaruhusu nyumba yake itumike kwa mapenzi ya namna hii anaweza kufungwa hadi miaka kumi. Ilisema pia kwamba kila anayeshuku lazima akatoe taarifa polisi. Mpokezi akawa mpelelezi. Wapangaji walitolewa nje na magodoro yao, hapa Kampala, mliona. Wengine hawakuwa hata makuchu. Walikuwa vijana wawili wanaogawana kodi.

Aprili 3, 2024 Mahakama ya Katiba ikatoa hukumu. Sehemu kubwa ya sheria iliiacha, na hiyo ndiyo hali tuliyo nayo, kila mtu aijue. Lakini vifungu vinne ilivifuta, ikisema vinagongana na haki ya afya, faragha na uhuru wa dini. Kati ya vilivyofutwa ni kile cha kuwaadhibu wenye nyumba kwa kupangisha, na kile cha kumlazimisha mtu kwenda kuripoti. Narudia kwa wapokezi wote mlioko hapa, hata wale wa nyuma. Hulazimishwi na kifungu kile tena kumripoti mgeni wako. Kimefutwa. Akija mtu kukutisha nacho, mwambie kimefutwa.

Na kuna lile daftari. Daftari la wageni, lenye majina, namba za simu na namba za vitambulisho. Nani anaomba kulitazama? Kijana wa boda anayesubiri nje. Shemeji mwenye wivu. Jirani anayetaka kujua wale wawili wa chumba namba sita ni nani. Tangu mwaka 2019 tunayo sheria ya kulinda taarifa za watu na faragha, na taarifa zilizomo mle ni amana. Polisi wakija na utaratibu wa kisheria, hilo ni jambo jingine. Lakini jirani? Funga daftari. Weka kwenye droo. Mgeni aliyekupa jina lake alikupa wewe, hakumpa mtaa.

Najua katika chumba hiki wapo wanaoamini kwa dhati kwamba mapenzi ya namna hii ni dhambi. Sikuja kubishana na msahafu wa mtu wala Biblia ya mtu. Nimekuja na mama wa Kireno aliyetoka misa, na mama mkubwa aliyekuwa anakoroga uji. Wote wawili walikuwa na dini. Wote wawili chumba kilikuwepo, wakatoa.

Nimesema mengi, na chai imeshaletwa. Kabla hatujaifuata, ningependa kusikia kwenu, hasa nyinyi mliofanya kazi kwenye gesti za barabarani miaka ile ya themanini, Malaba, Busia, Lyantonde, Kabale. Nani alilala kwenu? Nani mlimkataa? Hizo habari hazijaandikwa popote, na wenye kuzijua wanapungua. Dada hapa mbele ana kalamu, atachukua maelezo bila majina. Mama yangu pale dirishani, uliinua mkono tangu nilipotaja Malaba. Karibu, anza wewe.